Ubaridi wa Motokaa Hutoka Wapi?

Muhula uliopita, tulipokuwa tukirudi Tanga kutoka Muheza ambako timu yetu ilikwenda kucheza mpira, nilichukua wanafunzi wanne katika motokaa yangu kwa kuwa basi lilikuwa limejaa. Jua lilikuwa kali, na vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Mmoja wao, mvulana wa Kidato cha Pili aliyeketi mbele, aliweka kiganja chake penye tundu la hewa, akakaa kitambo, kisha akaniuliza, “Samahani Mwalimu, huu ubaridi hutengenezwa na nini?”

Nilimjibu kwamba hautengenezwi na kitu. Alinyamaza kwa adabu, lakini niliona kuwa hakuridhika, na wenzake walioketi nyuma wakaanza kucheka chini kwa chini. Tulikuwa tumekwisha fika Pongwe na safari ilikuwa karibu kwisha, basi nikamwahidi kwamba nitamwandikia jibu katika gazeti hili. Jibu lenyewe ni refu kidogo, na ndani yake mna habari ya fedha zangu zilizopotea, ambayo nilikusudia kuificha. Lakini nimeona yafaa wazazi wenye magari waisome.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Hakuna mtambo duniani utengenezao ubaridi. Kilichopo ni joto. Ubaridi ni jina tulipalo pungufu la joto, kama giza lilivyo jina la pungufu la mwanga. Ninyi mliozaliwa pwani mmemwona mtu akifua maji katika ngalawa. Hatengenezi ukavu, huyachota maji yaliyomo ndani na kuyamwaga nje, na ngalawa hubaki kavu. Kiyoyozi, ambacho mitaani watu hukiita eisii, hufanya kazi iyo hiyo. Hulichota joto lililomo ndani na kulimwaga nje. Asiyesadiki na apite nyuma ya duka au benki yenye viyoyozi ukutani, asimame mbele ya feni ya nje. Atapigwa na upepo wa moto. Joto lile ndilo lililokuwa ndani.

Lakini joto si maji. Maji huchotwa kwa kata. Joto litachotwa kwa nini? Tena joto kwa tabia yake hutoka penye joto kwenda penye baridi, kama maji yateremkavyo mlimani. Ndani ya motokaa twataka nyuzi 24, na nje ni nyuzi 33. Kulitoa joto ndani na kulipeleka nje ni sawa na kuyapandisha maji mlimani. Lazima itumike hila, na hila hiyo imejengwa juu ya mambo ambayo kila mmoja wenu amekwisha kuyaona kwa macho yake.

Bibi zetu waliweka maji ya kunywa katika mtungi wa udongo, na maji yale yalikuwa baridi hata mchana wa Februari. Mtungi hutoka jasho. Jasho lile likigeuka mvuke huondoka na joto, na joto hilo hulitoa katika mtungi wenyewe. Ndivyo ilivyo pia mganga akupakapo spiriti mkononi kabla ya sindano. Spiriti haikuwa baridi chupani, lakini ikikauka mkononi wasikia baridi, maana imeondoka na joto la ngozi yako. Kila kioevu kigeukapo mvuke hudai joto, na hudai joto jingi sana. Kuitia moto lita moja ya maji kutoka nyuzi 30 hata yaanze kuchemka kwataka joto fulani. Kuyageuza maji hayo hayo yawe mvuke wote mpaka sufuria ikauke kwataka joto mara saba ya hilo na zaidi. Na mvuke ukirudi kuwa maji, huutua mzigo wote huo mahali pale pale. Ndiyo sababu mvuke wa sufuria huunguza vibaya kuliko maji yaliyochemka. Basi hiyo ndiyo kata yetu ya kuchotea joto.

Sasa tufikirie kuchemka. Watu hudhani maji huchemka kwa nyuzi 100 popote pale. Si hivyo. Hapa Tanga, karibu na bahari, ni nyuzi 100. Huko Lushoto, penye kimo cha mita 1,400 hivi, maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na juu kabisa ya Kibo, mita 5,895, hata nyuzi 82 hayafiki. Wapagazi wa Kilimanjaro watakuambia jinsi maharagwe yanavyokataa kuiva huko juu ingawa maji yanachemka kwa nguvu. Sababu ni hewa. Hewa hutukandamiza sisi na kila kitu, na kadiri tupandavyo mlima mkazo wake, ambao mafundi huuita presha, hupungua. Presha ikipungua, kioevu huchemka upesi; ikizidi, huchelewa. Maana yake ni kwamba mtu akiwa na mamlaka juu ya presha, ana mamlaka juu ya kuchemka. Aweza kukiamuru kioevu kichemke akitaka, na kuuamuru mvuke urudi kuwa kioevu akitaka.

Maji hayatufai kwa kazi hiyo ndani ya motokaa, maana huchemka kwa joto kubwa mno. Wataalamu wakatafuta vitu vingine. Katika magari mengi ya mitumba yaliyoko nchini mwetu kitu hicho ni gesi iitwayo R-134a. Ukiiacha wazi katika hewa ya kawaida, huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Ukiikandamiza mara 3 ya mkazo wa hewa ya kawaida, huchemka penye nyuzi sifuri hivi. Ukiikandamiza mara 15, hukataa kuchemka mpaka ifike nyuzi 55 hivi. Yaandikeni madaftarini mambo haya matatu, maana kiyoyozi chote kimo humo.

Fungueni boneti sasa, tuifuate gesi safarini mwake. Tuanzie kwenye kompresa, ile pampu ya chuma izungushwayo na mkanda wa injini. Mbele yake ina klachi, nayo ndiyo iliayo “tak” ukibonyeza kitufe cha kiyoyozi. Kompresa huivuta gesi iliyo dhaifu na kuishindilia. Aliyepiga pampu ya baiskeli anajua litokeapo: pampu hupata moto chini, maana hewa ikishindiliwa hupata joto. Kadhalika gesi hii hutoka kwenye kompresa ikiwa ya moto sana, huku imekandamizwa mara 15 au zaidi. Huingia katika kondensa, ambayo ni kama rejeta nyembamba iliyowekwa mbele ya rejeta ya maji. Humo hupigwa na upepo wa nje. Upepo wa nyuzi 33 sisi twauona wa moto, lakini kwa gesi yenye nyuzi 70 ni upepo wa baridi. Gesi hulitua joto lake, nayo kwa kuwa imekandamizwa hivyo hugeuka kioevu ingawa bado ni ya moto.

Kioevu hicho hupita katika draya, kichupa chenye chembe za dawa zinyonyazo maji maji yoyote yaliyoponyoka. Kisha hufika kwenye vali yenye tundu jembamba sana. Upande huu wa vali mkazo ni mara 15, upande wa pili ni mara 3 tu, maana kompresa inanyonya huko. Kioevu kikipenya hapo, ghafla hujikuta hakina tena wa kukikandamiza, nacho huchemka penye nyuzi sifuri hivi. Na kuchemka kwadai joto! Joto hilo hulipata wapi? Hulipata katika evaporeta, rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ambamo feni hupitisha hewa ya ndani ya motokaa. Hewa huingia na joto lake, hutoka bila joto lile. Gesi imejichotea, sasa inarudi kwenye kompresa na mzigo wake kwenda kuutua nje. Yule mvulana wa Kidato cha Pili aliweka kiganja mahali palipofuliwa joto, hakuna zaidi.

Wenye macho wameona pia kwamba motokaa yenye kiyoyozi hudondosha maji chini ikisimama, na wengine hukimbilia kwa fundi wakidhani rejeta imetoboka. Maji yale ni ya hewani. Hewa yetu ya pwani ni nzito kwa unyevu. Siku ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75, kila mita moja ya ujazo wa hewa ina gramu 25 hivi za maji. Ikipozwa mpaka nyuzi 10 haiwezi kubeba hata gramu 10. Zilizobaki hutua juu ya evaporeta kama umande, zikatoka kwa mpira mdogo chini ya gari. Mpira huo ukizibwa na matope, maji humwagika miguuni mwa abiria wa mbele. Tena kazi hii ya kukausha hewa hula sehemu kubwa ya nguvu za kiyoyozi chetu; ndiyo sababu kiyoyozi hupata taabu zaidi Tanga kuliko Dodoma, hata nyuzi zikiwa sawa.

Basi nisemeni habari ya fedha zangu. Kabla ya kuhamishiwa shule hii nilifundisha miaka miwili huko Lushoto. Lushoto ni baridi, na kwa miaka miwili sikukibonyeza kitufe cha kiyoyozi hata mara moja. Niliona ni akiba ya petroli. Nilipoteremka Tanga nikakiwasha, kikatoa hewa ya vuguvugu. Nikaenda kwa fundi.

“Mwalimu, gesi imekwisha,” akasema.

“Imekwisha, imekwenda wapi?”

“Gesi huisha tu, Mwalimu, kama petroli. Tujaze.”

Akajaza, nikalipa shilingi 60,000, na ubaridi ukaja vizuri mno. Baada ya miezi miwili ukapotea. Nikarudi, akajaza, nikalipa. Mara ya tatu haikufika hata wiki tatu, na klachi ikakataa kabisa kulia. Fundi akatazama, akasema kuna swichi inayoizuia. Akaikata, akaziunganisha nyaya zake moja kwa moja. Klachi ikalia, mimi nikamshukuru. Siku ya nne, njiani karibu na Hale, palitokea mlio wa chuma kusagana, kisha harufu ya mpira unaoungua. Kompresa ilikuwa imeganda, na mkanda ulikuwa ukijiburura juu yake.

Nilipelekwa kwa fundi mwingine, mzee wa makamo asiye na maneno mengi. Alipokwisha kunisikiliza aliniuliza, “Mwalimu wafundisha somo gani?”

“Fizikia, Mzee.”

“Na watoto huwafundisha kwamba kitu hakipotei?”

Sikuwa na jibu. Kila mwaka huandika ubaoni, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba maada haiumbwi wala haipotei, nami nilikuwa nimelipa mara tatu kwa gesi niliyoambiwa kwamba imekwisha. Petroli huisha kwa sababu huchomwa, ikatoka kwa bomba la moshi. Gesi ya kiyoyozi haichomwi. Huzunguka ile ile, ikigeuka kioevu na kurudi gesi, mwaka baada ya mwaka. Ikipungua, imetoka, na ikiwa imetoka, kuna mahali ilipotokea.

Haki yake fundi wa kwanza ni kwamba kiyoyozi cha motokaa hakikufungwa kabisa kama friji ya nyumbani. Friji ina mota na pampu vilivyozibwa pamoja ndani ya chungu kimoja cha chuma, na bomba zake zimechomelewa. Yaweza kukaa miaka 20 bila kutiwa gesi. Motokaa hutikisika, kwa hiyo bomba zake nyingine ni za mpira na maungio yake yana oringi za mpira. Na mhimili wa kompresa lazima utokeze nje ili ushike mkanda. Pale utokezapo pana sili ya kuzuia gesi, ikilainishwa na mafuta yanayosafiri pamoja na gesi. Kwa hiyo gesi kidogo hupenya, na motokaa ya miaka mingi yaweza kuhitaji kuongezwa. Lakini iishayo kwa miezi miwili haikupenya, imevuja.

Yule mzee alionyesha mahali penyewe. Ndani ya bomba alitia rangi maalumu, akaimulika kompresa kwa taa ya zambarau, na pale penye pua ya mhimili pakang'aa kijani kibichi kama macho ya paka. Sili ilikuwa imekauka na kupasuka. Miaka yangu miwili ya Lushoto ndiyo iliyoikausha, kwa maana kiyoyozi kisipowashwa mafuta hayatembei na mpira hukosa kulainishwa. Na zile nyaya zilizounganishwa? Swichi ile haikuwa mbovu. Kazi yake ni kuizuia kompresa isizunguke gesi ikiwa kidogo, kwa sababu mafuta ya kompresa huletwa na gesi. Gesi ikikosekana, kompresa huzunguka kavu. Tulimnyamazisha mlinzi kwa sababu anapiga kelele, na mwizi akaingia. Vumbi la chuma lilikuwa limesambaa mpaka kondensa. Kompresa iliyotumika shilingi 350,000, kondensa, draya mpya na ufundi. Wacha nisitaje jumla, mke wangu husoma gazeti hili.

Nilikaa pale siku nzima nikimtazama mzee akifanya kazi, na wazazi wangetambua tofauti kama nilivyoitambua. Hakukimbilia mtungi wa gesi. Alisafisha bomba kwanza, akafunga vipya vilivyotakiwa, kisha akajaza naitrojeni kavu kwa presha na kupaka maji ya sabuni kila ungio, akitafuta mapovu. Hakuona povu. Ndipo akafunga pampu ya kunyonya na kuiacha inyonye karibu saa nzima. Nilimwuliza sababu, akasema anatoa hewa. Ni kweli, lakini kuna na zaidi, na hapa Fizikia ilinirudishia heshima kidogo: mkazo ukipunguzwa hivyo, maji maji yaliyomo bombani huchemka kwa joto la kawaida la mchana na kutoka kama mvuke. Maji yakibaki humo huganda kuwa barafu penye tundu la vali na kuliziba, au huchanganyika na gesi na mafuta yakazaa asidi ilayo chuma. Baada ya kunyonya alifunga koki, tukanywa chai, na mshale wa saa ya presha haukusogea. Mwishowe akaweka mtungi wa gesi juu ya mizani. Chini ya boneti ya kila motokaa pana kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake; yangu yataka gramu 500. Akatia gramu 500, hakuongeza. Gesi ikizidi presha hupanda na ubaridi hupungua, jambo ambalo watu wengi hawasadiki.

Mtu aweza kusema, “Gesi ni yangu, fedha ni yangu, ikivuja yakuhusuni nini?” Yatuhusu, na habari yake ni ya miaka mingi. Friji za zamani zilitumia vitu kama amonia na gesi ya salfa, navyo vikivuja viliweza kuua. Mmarekani Thomas Midgley na wenzake wakatafuta kitu kisicho sumu wala kisichowaka, na mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta gesi mpya kifuani, akaipuliza juu ya mshumaa, na mshumaa ukazimika. Yeye hakudhurika. Gesi za jamii hiyo, mojawapo R-12, zikaenea dunia nzima, na ndizo zilizotumiwa na viyoyozi vya motokaa. Packard wa Marekani walitoa motokaa yenye kiyoyozi cha kiwandani mwaka 1939. Mtambo wake ulijaza sehemu ya mizigo nyuma, na kwa kuwa haukuwa na klachi, dereva aliyeona baridi ilimpasa azime injini, afungue boneti na kuuvua mkanda kwa mkono.

R-12 haikuwa na neno hapa chini. Lakini kwa kuwa haiharibiki upesi, ilipanda polepole mpaka juu sana, ambako kuna tabaka ya ozoni ituzuiayo na miale mikali ya jua. Huko jua liliivunja, na klorini iliyotoka ikaanza kuila ozoni. Mario Molina na Sherwood Rowland walilisema jambo hilo mwaka 1974, wengi waliwabisha. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima hewa huko Antaktika walitangaza kwamba ozoni ya juu yao ilikuwa ikipungua vibaya kila majira ya kuchipua. Mwaka 1987 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Montreal, na ofisi ya kuusimamia mkataba huo hata leo iko Nairobi. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995. (Midgley huyo huyo ndiye aliyegundua mwaka 1921 kutia risasi katika petroli, sumu ambayo ilimaliza kuondoshwa katika petroli ya magari duniani mwaka 2021. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyetia mkono wake hewani kiasi hicho.)

Badala ya R-12 ikaja R-134a. Haina klorini na haili ozoni. Ila hulizuia joto la dunia lisitoke, na kilo moja yake, kwa kipindi cha miaka 100, hufanya kazi ya kilo 1,430 za gesi ya kaboni itokayo katika moshi. Hesabu hii ni ya wanafunzi wa Kidato cha Pili: gramu 500 zikivuja, ni sawa na kilo 715 za gesi ya kaboni. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kilo 2.3 hivi. Gawanyeni. Mtaona kwamba kila mara niliporudi kujaza kwa yule fundi wa kwanza, nilikuwa kama mtu aliyechoma lita 300 za petroli bila kwenda popote. Oktoba 2016 mataifa yalikutana tena, safari hii Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hii; kundi la nchi ambamo nchi zetu zimo lilipangiwa kusimamisha kiwango mwaka 2024 na kukipunguza kwa hatua mpaka asilimia 80 iwe imeondoka mwaka 2045. Huko Ulaya motokaa mpya zote tangu mwaka 2017 hazitiwi tena R-134a, na nyingi zina R-1234yf. Gesi hizi hazichanganywi. Ndiyo maana kibandiko cha boneti kisomwe kabla ya mtungi kufunguliwa.

Kuna fundi atakayewashauri kutia gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi. Hupoza, sikatai, na hupoza vizuri. Lakini evaporeta imo ndani pamoja na watoto wenu, na gesi ikivuja humo huku vioo vimefungwa yatosha cheche moja. Na mwenye motokaa itumiayo betri kubwa ya umeme pamoja na injini aangalie jambo jingine: kompresa yake nyingi huendeshwa na umeme mkali, na mafuta yake si ya kawaida. Fundi akitia mafuta yaliyozoeleka, umeme waweza kupenya katika chuma cha gari. Apelekwe kwa fundi aliyejifunza magari hayo.

Mengine ni madogo ambayo hata mwanafunzi aweza kumfanyia baba yake. Kiyoyozi kiwashwe dakika kumi hivi kila wiki, hata wakati wa baridi, hata Lushoto. Kondensa ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, maana matundu yake hujaa vumbi na wadudu na mapezi yake hupindika upesi. Chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi liko nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, litolewe na kutazamwa. Langu lilikuwa na majani ya mkaratusi ya Lushoto. Harufu ya uvundo kiyoyozi kiwashwapo ni kuvu iliyoota juu ya evaporeta yenye umande. Ukikizima kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika na kuiacha feni ipulize, evaporeta hukauka na kuvu hukosa maji. Motokaa iliyokaa juani huweza kupata nyuzi 20 zaidi ya hewa ya nje kwa saa moja, basi fungueni vioo mwondoke hivyo kwanza, joto litoke lenyewe bure, ndipo mfunge na kukiamuru kiyoyozi kifue lililobaki. Na kwa joto hilo mtoto asiachwe ndani hata kwa dakika za kununua mkate.

Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao Chama cha Sayansi kitakutana chini ya mwembe ulio nyuma ya maabara. Nitawasha motokaa kwa nusu saa, hapo nje penye hewa, kwa maana moshi wa injini katika banda lililofungwa huua. Tutapima nyuzi za hewa iingiayo na itokayo, tutapima unyevu, na kila mtu atakadiria kwenye karatasi, kabla hatujaanza, ni mililita ngapi za maji zitakazodondoka. Mvulana wa Kidato cha Pili aje na sufuria.